Nesi wa Usiku Mmoja

Uongo wenyewe ulimtoka Loice kanisani, mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia uongo. Ilikuwa Februari ya mwaka 2003, akina mama wa Kikenya wameketi duara baada ya ibada huko DeSoto, kando ya Dallas, kila mmoja akitaja jambo lake la kuombewa. Zamu ilipomfikia, Loice akasema mwanawe Chebet anaenda Houston kuonana na watu wa chuo.

"Ni nursing, sindio?" mmoja akauliza.

"Ndiyo," Loice akajibu, na akina mama wakapiga makofi.

Kumbe Chebet alikuwa anaenda kuimba. Chuo kimoja cha mbali, kule kaskazini kwenye theluji, kilikuwa kinatuma walimu wake Houston kuwasikiliza vijana wanaotaka kusomea tamthilia za muziki, yaani kuimba, kuigiza na kucheza jukwaani kwa mpigo mmoja, na mtu akapewa digrii kwa hayo. Loice alikuwa amekubali. Alikuwa ameomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya unesi, na amempeleka binti studio kupigwa picha ya kuambatisha na fomu za chuo. Pale studio alimsimamisha wima na gauni la kanisani, mkono mmoja kwenye chungu cha maua, na akamkataza kucheka. Chebet alisema asante, kisha akatuma picha nyingine aliyopigwa na mwalimu wake wa drama, uso bila poda, meno nje.

Kilichomshinda Loice ni kulitamka jambo lenyewe mbele ya watu. Binti ya Nyaga wa pale kanisani alipotangaza kwamba atasomea uchoraji, akina mama walimwendea mamake na masufuria ya chakula kama waendao matangani. Na Loice hakuwa na watu wengine. Kigen, babake Chebet, alirudi Eldoret mara moja tu kuangalia shamba, na hiyo mara moja ilikuwa na miaka sita sasa. Katika Amerika hii, akina mama wale ndio walikuwa ukoo wake, na mtu hachezi na watu pekee watakaomzika.

Njia ya mwongo ni fupi, ila uongo wa Loice ulifika Houston kabla yake. Prudensia, mama Elkana, aliyekuwa jirani yao DeSoto kabla ya kuhamia huko, alipata habari na kupiga simu jioni ile ile.

"Mlale hoteli na mimi niko hai, Mama Chebet? Watu watasema nini?"

Swali hilo halina jibu kwa lugha yoyote ya Kenya. Loice akaifuta hoteli.

Waliondoka Ijumaa. Chebet alikaa pembeni yake na vidude vyake masikioni, akipandisha na kushusha sauti polepole, mdomo umefungwa, kama apashaye injini moto. Loice alingoja mpaka wakapita mji wa Huntsville, Houston ikikaribia, ndipo akapata ujasiri.

"Chebet, kwa Auntie Prudensia usitaje mambo ya kuimba."

Msichana akavitoa vile vidude. "So niseme nini?"

"Wanajua una-apply nursing."

Chebet hakugomba, na heri angegomba. Aliitazama misonobari ikipita dirishani, kisha akasema, "Okay, Mum. Nursing." Kutoka hapo hadi Houston hakutoa sauti nyingine. Loice alijiambia mtoto ameelewa. Wazazi tuna ufundi wa kujiambia mambo.

Prudensia aliwapokea kwa kishindo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kuita majirani, na meza yake ilikuwa na ugali, nyama ya kukaanga, na majani ya collard yaliyokatwa vyembamba hata ukaapa ni sukuma wiki. Tena hakuwa amekaa peke yake. Alikuwa amewaita wenzake wa ushirika wa maombi waje wamwombee mtoto, na sebule ilijaa wanawake waliovaa sare za hospitali, wengine wametoka zamu, wengine wanaelekea.

Kabla ya maombi Prudensia alimketisha Chebet katikati.

"Tuambie, mwanangu. Ni nini kilikufanya upende unesi?"

Loice aliacha kutafuna. Alimjua binti yake kuwa mtu wa kujibu kwa Kiingereza, maneno mawili, macho chini. Alikuwa tayari kudakia na kusema mtoto amechoka na safari. Lakini Chebet aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama anayesikiliza kitu, na alipoanza, akaanza kwa Kiswahili.

"Nyanya yangu alikuwa mgonjwa huko Kapsabet," akasema. "Mum hakuweza kwenda, papers zake zilikuwa bado. Alikuwa ananunua zile kadi za simu. Kadi inaisha hata kabla nyanya aletewe simu. Siku nyanya alikufa, Mum alienda job kama kawaida. Akarudi, akafungulia maji kwa bafu ndio nisimsikie." Akainua macho. "Nilimsikia. Nilikaa kwa mlango mpaka maji ikakuwa baridi, nikasema, mimi nitakuwa nesi. Ndio mama ya mtu akiwa mgonjwa na hana mtu, kuwe na mtu wa kumshika mkono."

Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya buluu akaangua kilio. Mwingine akamfuata. Prudensia alimkumbatia Chebet, machozi yakimtiririka bila haya, kisha wote wakasimama wakamwekea mikono, wakamwomba Mungu aibariki mikono ile ya kutibu. Walipomaliza, wakamgeukia Loice, wakamwambia amebarikiwa.

Loice alikuwa ameduwaa. Katika sebule nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ile ahadi ya kuwa nesi ni ya uongo, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba yote yaliyoitangulia ni ya kweli. Yale maji ya bafuni hakuwahi kumwambia mtu. Miaka yote hiyo aliamini kilio chake kilikwenda na maji.

Walipobaki wawili chumbani, Chebet alikuwa anakunja nguo zake, uso mkavu.

"Was that okay?" akauliza.

"Ulijifunzia wapi kuongea hivyo?"

"Mum." Chebet akamtazama, wala si kwa hasira. "Ndio kitu nafanya. Four years. Hujawahi kuja."

Ilikuwa kweli. Kila shule ilipokuwa na mchezo wa jukwaani, Loice alikuwa zamuni, akiwageuza wazee wa watu kitandani. Hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona binti yake akiigiza, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtungia mchezo. Alitaka kusema pole. Alimwambia azime taa alale, kesho wanatoka mapema. Kisha akalala akiutazama ukuta, na upweke uliomshika ulikuwa mzito kuliko ule wa mwaka Kigen alipoondoka, maana wakati ule alijua hasa ni nani aliyekosekana.

Asubuhi Chebet hakuweza kuzoeza sauti mle nyumbani, nesi gani anazoeza sauti? Walipofika kwenye hoteli ambako walimu wa chuo walifanyia majaribio ya uimbaji, akamwomba mamake ashuke garini.

"Just for a bit. Siwezi ukiwa hapa."

Loice akasimama nje kwenye maegesho, upepo ukimpiga, koti limebaki ndani. Kupitia kioo alimwona mwanawe akifungua kinywa na kukifunga, shingo imesimama, macho yamefumbwa. Sauti ilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Akatamani kugonga kioo, lakini angesema nini akifunguliwa?

Ukumbini palikuwa na akina mama wengine, wenye asali, chupa za maji ya moto na vitana. Walijuana kwa kukutana kwenye majaribio ya Dallas na ya Austin. Mmoja, mtu wa tabasamu, akamuuliza Loice binti yake anaimba wimbo gani.

Loice hakujua. Alijikuna shingo, akasema ni wimbo mzuri. Yule mama akaitikia kwa kichwa kwa upole na kuwarudia wenzake. Jina la Chebet likaitwa, likavunjwa vipande na ulimi wa Kimarekani kama kawaida, na msichana akaingia na karatasi zake za muziki bila kugeuka nyuma. Mlango ulikuwa mnene. Loice alikaa akiutazama, mikono mapajani, na pale pale akakata shauri.

Waliporudi kuchukua mizigo, Prudensia alikuwa amewangoja na pilau. Huwezi kumruhusu mtoto wa watu arudi Dallas na njaa.

"Enhe! Lete habari. Interview ilikuwaje?"

Loice akaona kichwa cha Chebet kikianza kuinama upande. Mtoto alikuwa tayari kumwokoa tena.

"Haikuwa interview, Mama Elkana," Loice akasema. "Si nursing. Chebet anataka kusomea kuimba na kuigiza. Mimi ndiye nilidanganya. Yeye nilimlazimisha tu."

Prudensia aliweka mwiko chini. Alimtazama Chebet, akamtazama Loice, akarudi kwa Chebet.

"Jana tulimwekea mikono."

"Najua."

"Nililia mimi, Mama Chebet. Mbele ya watu nimewaita mimi."

"Najua. Nisamehe."

"Kwani ningesema nini?" Sauti ya Prudensia haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma Loice. "Mimi niko kwaya tangu nikiwa Kakamega. Mtoto kuimba, ningemkataza mimi? Ungeniambia, ningeita watu wale wale. Kumbe unanionanga hivyo."

Loice hakuwa na pa kuweka uso. Alikuwa amewaogopa watu hawa muda wote bila kuwauliza. Prudensia akapakua pilau, akaifunga kwa karatasi ya foili, akaongeza kachumbari kwenye kopo, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu hata akikuudhi. Akamkabidhi Chebet, akamwambia Mungu amsaidie, na alionekana kumaanisha. Kisha akarudi jikoni akafungulia maji, akaanza kuosha masufuria.

Hakuwasindikiza. Kwetu hata mdai wako unamsindikiza mpaka langoni, mnasimama, mnaanza maongezi mapya, mnaagana mara tatu. Loice na binti yake walibeba mizigo yao wenyewe, wakaufunga mlango wenyewe, wakavuka ua hadi garini bila sauti ya mtu nyuma yao.

Walishaingia barabara kuu Chebet alipozungumza.

"You didn't have to do that, Mum."

"Nilipaswa. Nilichelewa tu." Loice akashika usukani kwa mikono miwili. "Sasa mimi na wewe tu. Niambie ukweli. Kuimba kulienda vipi?"

Chebet akamgeukia. "Poa kabisa," akasema. "Walinipenda, Mum. Waliniomba niimbe tena." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, lenye joto, la binti anayefurahi kumfurahisha mamake.

Loice alilitazama kadiri barabara ilivyomruhusu. Alitafuta tofauti kati yake na ule uso aliowapa akina mama wa jana, akatafuta machoni, akatafuta pembeni mwa midomo, asiione.

"Nimefurahi sana," akasema.

Akahisi Chebet naye akimkazia macho, akimpima kama anasema kweli.