Jina la Sikelo kwenye Orodha ya Mbolea

Kwa miaka saba Enelesi aliitikia jina la mumewe. Kila msimu kijiji kilipokusanyika kusomewa orodha ya mbolea ya ruzuku, karani akiita "Sikelo Nkhoma!" yeye ndiye aliyejibu, "Yupo!" Watu walicheka. Na wacheke tu. Sikelo alikwenda Afrika Kusini, simu zake zikakoma mwaka wa pili, na pale uwanjani ndipo pekee jina lake lilipobaki kuitwa kwa sauti. Enelesi alilisubiri mwaka mzima.

Kisha mambo yakabadilika: mwenye jina aje mwenyewe, na kitambulisho na alama ya kidole chake. Misimu miwili Enelesi alirudi mikono mitupu. Mahindi yake yakawa ya njano, na Februari iliyopita yeye na binti yake walikula pumba.

"Tukuandike wewe mkuu wa kaya," karani akamwambia safari hii. "Ila nipe sababu. Mume kakuacha, au kafariki?"

Uwanja mzima, na chifu kitini pake, ukatega masikio. Kakuacha! Hilo hakuweza kulitamka.

"Kafariki," akasema.

Karani akaandika. Enelesi alisahau jambo moja: kifo kikishatamkwa mbele ya chifu, kijiji hakikai kimya. Alirudi nyumbani, na hata hajapumzika, wanawake wakaingia uani kwake na vitenge viunoni, kuni kichwani na sahani za unga mkononi, wakiimba nyimbo za msiba. Wakatandika mikeka. Alitaka kuwaambia, "Jamani, ni maneno ya fomu tu," lakini akajikuta akipokea sahani za unga.

Mara akafika mama mkwe wake, peku, akihema. Wanawake wakampisha.

"Mwanangu, nani kakuletea habari? Wamemzika wapi?"

Enelesi akamwinamia sikioni. "Hakuna aliyeleta, mama. Nilitaka mbolea. Nilishindwa kusema kaniacha. Bado namtaka, mama. Kila siku namtaka."

Alingojea kofi. Bibi kizee akaketi taratibu mkekani, akamshika mkono.

"Mimi nimengoja hata wa kuja kuniambia kafa," akanong'ona. "Hakuja mtu. Usiwaambie hawa, mwanangu. Acha na sisi tumlilie."

Wakalia, mkwe na mkwewe, mpaka sauti zikawakauka.