Zinge la Maji Baridi

Mimi hanidanganyi mtu mwenye meno yake. Marehemu mume wangu alinidanganya miaka kumi na miwili, ni kweli, lakini yeye alikuwa na pengo.

Mwanangu ni fundi mitambo botini. Jumatatu boti yao ilizimika injini baharini. Wakaita kwa redio mara moja, basi, kimya.

Wahenga walisema bahari haishi zinge, na binti wa huyo mwanangu analipwa mshahara kuyatafuta. Anasoma joto la uso wa bahari kwa picha za setilaiti. Alinionyesha kwenye kompyuta: bahari yote nyekundu, katikati doa la buluu, ndilo zinge lenyewe. Akanieleza kwamba maji yanajizungusha kama chai inayokorogwa, yanapandisha baridi ya chini kidogo mno, tofauti haifiki hata nyuzijoto moja, na dalili ndiyo hiyo tu. Boti ikinaswa humo haiendi mbali, inazunguka palepale. Waokoaji wakalifuata doa.

Mkwe wangu, mama wa binti huyo, aliacha kula. Kila asubuhi swali lake moja: zinge bado lipo?

Siku ya sita nilikwenda ofisini mwenyewe. Nikamkuta mjukuu ameikodolea macho picha nyeupe pe, kama shuka la hospitali. Mawingu, akasema, tangu juzi yamefunika, na setilaiti haioni joto chini ya mawingu.

“Na kabla hayajafunika, mke mwenzangu?”

Akakawia kufungua picha ya nyuma yake. Doa lilikuwa limepasuka. Kipande kimoja karibu na pwani, kingine kimeshika njia ya bahari kuu.

“Baba yuko kwenye kipi sijui, Bibi. Waokoaji wamechagua cha karibu.”

Cha karibu, kwa sababu mafuta yao yanafika hapo tu.

Nilirudi kwa miguu, pole pole, nikitunga. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia nimeliona zinge kwa macho yangu haya, asubuhi hii hii, zima, la mviringo kama sahani, halijasogea hata kidogo. Nikamtilia na rangi.

Hakulia.

“Mama, binti yangu amepiga simu sasa hivi. Amesema ni vipande viwili.” Akanipokea mkoba. “Akasema na wewe utaniletea kimoja, kizima.”