Mgao wa Dalia ya Mwitu

Mshonaji alikuwa amechoka uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Miaka mitatu alimuuguza mama yake huku cherehani ikimngoja, na mama alipofariki, watu wakamwambia sasa utapumzika. Utapumzika wapi? Vitambaa vya wateja vilikuwa vimerundikana hadi dirishani, na mgongo wake ulishamsusia zamani.

Mama hakuacha mali, aliacha ua la dalia. Si zile za maduka ya maua, zilizojazana petali mpaka shingo zinalegea. Hii ilikuwa ya mwitu: petali nane tu, nyekundu iliyokolea, juu ya mabua yanayompita mtu kimo. Bwana shamba mmoja alimpa mama mbegu, naye akaidekeza kama kitinda mimba. Kila mwaka mabua yakikauka alichimbua viazi vyake, ile mizizi minene ya chini, na kuvilaza kwenye mchanga mkavu. Wakati wa kupanda ukifika, alivifukia kina cha kiganja, na ole wake atakayemwagilia kabla havijachipua. "Mtaviozesha!"

Safari hii mabua yalikauka mama hayupo. Mshonaji akachimbua, akamwita mdogo wake, karani wa shule, wagawane. Viazi vilikuwa saba, vimeshikana kwenye kishina kikuukuu. Akavikata kama anavyokata kitambaa, safi, bila kubakiza nyuzi. Sita vinono akampa mdogo wake. Yeye akabaki na kishina na kiazi kimoja chembamba.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi hiki kikongwe kinanitosha."

Alijisikia mwema siku ile, na si haba.

Wiki saba baada ya kila mmoja kupanda vyake, kikongwe kilikuwa na machipukizi matano yenye urefu wa shubiri. Jumamosi asubuhi mdogo wake akaingia bila hodi, akatua beseni juu ya gauni la mteja. Ndani mlikuwa na viazi sita, vigumu, bila hata dalili ya chipukizi.

"Nimeuliza kitaluni," alisema. "Kiazi peke yake hakichipui, dada. Jicho la kuchipua linakaa pale kinapoungana na shina. Na shina lote umebaki nalo wewe."

"Sikujua."

"Ulijua!"

"Haki ya Mungu sikujua. Nilikupa vinono!"

"Kila siku unanipa vinono!" Mdogo wake akalisukuma beseni. "Nikija kumwogesha mama, unaniambia pumzika, umetoka kazini, kunywa chai. Nikitaka kulala naye, nenda kwa watoto wako. Miaka mitatu, dada, sikumgeuza ubavu hata mara moja. Halafu msibani unawaambia watu umembeba peke yako."

Mshonaji alikuwa na majibu tele, alishayapanga siku nyingi. Lakini yale maneno ya msibani aliyasema kweli, na yalimkolea mdomoni alipoyasema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akachukua kisu, akatangulia uani.

"Haya. Kitaluni walisemaje?"

"Unakata chipukizi pamoja na kipande cha shina. Unalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, mpaka litoe mizizi."

"Kata wewe."

Mdogo wake akapiga magoti, akashika kisu kama anachonga penseli. Chipukizi la kwanza likavunjika katikati. Mkono wa mshonaji ukainuka wenyewe kumpokonya, akaushika kwa ule wa pili.

"Samahani, dada."

"Endelea tu."

La pili likatoka vizuri, na kipande chake cha shina. Mshonaji akaketi kizingitini, machozi yakimtoka.

"Ulikuwa unakuja," alisema. "Mimi nimechoka, sijiwezi, na bado nikakurudisha. Niliona mama ni wangu."

Mdogo wake hakugeuka. Alikuwa akilifuta udongo lile chipukizi kwa kidole, polepole.

"Mchanga uko wapi?"

"Nyuma ya pipa. Subiri nikuchotee."

"Nitachota mwenyewe."

Akampita pale mlangoni, akaenda kwenye pipa, akachota mchanga mwingi mno, nusu ukamwagika uani. Mshonaji alitamani kuinuka akamsaidie, lakini akabaki ameketi kizingitini.