Nguzo Mbichi za Pasheni

Marcella alizipokea nguzo zile kwa mikono miwili, tena akashukuru. Hilo ndilo lililomkereketa maini baadaye. Zilikuwa ishirini na mbili, mbichi, zikitoka utomvu bado pale panga lilipopita. Aliyezileta alikuwa Kithaka, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mtu ambaye tangu mazishi hakuwa amemletea hata jani la mboga.

"Mama Mwenda, hizo waya za pasheni utazifunga kwa nini? Kwa mabua?" alimtania akishusha mzigo. "Hii ni mikungugu. Mchwa hawaigusi."

"Nilikuwa nangoja mikaratusi yangu ikauke, shemeji."

"Ngoja basi, pasheni zitambae chini kama nyoka."

Wakacheka. Wakachimba mashimo pamoja, mstari mmoja ulionyooka katikati ya shamba, kutoka barabarani hadi kwenye mto. Mahali alipachagua Kithaka. "Hapa jua linapiga vizuri," alisema, na Marcella hakuona ubaya, maana jua lilikuwa linapiga kweli. Saa nne akatokea Mzee Njuki, anayeamua mambo ya mashamba kijijini, eti anapita kusalimia. Marcella akaleta chai na viazi vitamu. Wakala watatu, wameketi kando ya nguzo ya kwanza.

Mvua ya Machi ikaja, nguzo zikachipuka. Marcella alifurahi kama mtoto. Alizipogoa, akaziwekea samadi. Pasheni zikapanda, zikaufunika waya wote, na kila siku ya soko alishuka Manyatta na magunia mawili. Wanawake wa soko walimuuliza nguzo zake alizitoa wapi. "Kwa shemeji," alijibu kwa majivuno.

Msimu wa pili Kithaka aliingia na vibarua upande wa kushoto wa mstari, wakaanza kung'oa maharagwe ya Marcella.

"Shemeji, umepotea njia?"

"Sijapotea. Niko kwangu."

Wazee wakaitwa. Hati ya shamba lile ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, aliyelala kaburini miaka tisa. Na kwao, shamba ambalo halijagawanywa kwa karatasi hugawanywa kwa mti. Unapandwa ukiwa hai, mbele ya shahidi, na wenye shamba hula pamoja papo hapo. Mti ukishika mizizi, mpaka nao umeshika.

"Nani alipanda mikungugu hii?" Mzee Njuki aliuliza.

"Mimi. Lakini nilipanda nguzo za pasheni, mzee, si mpaka!"

"Ulipanda na nani?"

"Na huyu."

"Mkala?"

Marcella alimtazama. Midomo ile ile ilikuwa imesifu viazi vyake.

"Wewe mwenyewe ulikuwepo, mzee. Uliomba kikombe cha pili."

"Basi mimi ndiye shahidi," alisema Njuki, bila haya.

"Mpaka aliotuwekea baba mkwe uko kule!" Marcella akapiga kelele, akawatangulia mbio hadi mwisho wa shamba, kwenye mikungugu mizee ambayo mumewe alimwonyesha mwaka aliomwoa. Hakukuta hata kisiki. Kulikuwa na matuta ya viazi ya Kithaka, udongo laini uliochimbwa kwenda chini sana.

Hapo ndipo alipojua nguzo ishirini na mbili zilikatwa wapi. Mpaka ulikuwa umehamishwa nusu shamba, na yeye ndiye aliyeushindilia udongo kwa kisigino.

"Usikate hata tawi," Njuki alimwonya waliporudi kwenye mstari wa pasheni. "Anayekata mti wa mpaka hujitakia laana."

"Na aliyekata ile ya zamani?"

Kithaka alichuma pasheni moja iliyoning'inia upande wake, akaipasua kwa meno.

"Tamu, Mama Mwenda. Mkono wako una baraka."

Wazee walipoondoka, Marcella alichukua panga. Hakugusa mkungugu hata mmoja. Aliinama akakata mashina ya pasheni, moja baada ya jingine, chini kabisa, hadi mtoni. Kisha akarudi na koleo kuchukua waya wake, maana waya aliununua yeye. Alivuta, akavuta tena kwa uzito wa mwili wote. Haukutoka. Gome la mikungugu lilikuwa limeshaumeza.