Manifoldi Yenye Miguu Mirefu

Wanawake wengine wa mtaani walimwomba Mungu mvua. Idman, mwaka ule wa tisini na sita, alikuwa akimwomba Mungu tabo.

Hakuwa na wazimu. Mumewe, Abdilatif, alibeba maziwa ya ngamia kwa pikapu kutoka upande wa Balambala mpaka sokoni Garissa, na pikapu hiyo ya dizeli ikiingia mchangani ilihema kama mzee mwenye pumu. Ilipaswa kufika alasiri. Ilifika baada ya magharibi. Na darasa la gumbaru, kisomo cha watu wazima, lilianza saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa hapakuwa na baba wa kumshika Hodo, mwenye miezi minane, Idman alikwenda naye darasani. Hodo akala chaki, akamvuta mwalimu suruali, akaimba katikati ya imla. Mwishowe mwalimu akasema, kwa upole, kwamba mama anakaribishwa siku zote lakini yule mwenzake apumzike nyumbani. Mtihani ulikuwa Novemba. Basi kila jioni gari lilipochelewa, Idman alibaki uani akimsomea Hodo jedwali la saba, na Hodo hakuwa na haraka nalo.

Ndiyo maana Abdilatif alipotangaza kwamba amepata tabo ya lori lililopinduka, Idman alimwekea iliki mara mbili kwenye chai.

"Itasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu," alisema Abdilatif. "Gari litaruka, mama Hodo. Alasiri niko hapa, wewe uko shule."

Ila tabo haifungwi hewani. Inataka manifoldi, kile chuma chenye mikono kinachokaa ubavuni mwa injini, kinapokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye tabo. Na tabo yenyewe, na uzito wake wote, inaning'inia hapo hapo. Manifoldi zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye gari bovu lenye injini kama yao: fupi, nene, ya chuma cha kalibu, imeota kutu mpaka haijulikani ilizaliwa na rangi gani. Ya pili aliichomelea Abdikafi, fundi wa gereji, kwa mabomba ya vitanda: mikono minne mirefu, imepindwa kwa madaha na kupakwa rangi ya fedha.

Kwingine mtu angemwuliza fundi, akalala. Lakini mwanamume wa Garissa anayejiheshimu hanunui hata nyundo bila dalali, na dalali aliyeaminiwa kupita wote alikuwa mzee Warfa. Alikuwa amewakagua ngamia kwa miaka arobaini. Boneti aliwahi kuifungua mara moja tu, apashe moto chupa yake ya chai.

Warfa alifika na fimbo, na nyuma yake wanaume saba wasiohusika. Manifoldi zikalazwa kwenye mkeka. Akazizunguka. Akachuchumaa. Akaigonga ile ya kutu kwa fimbo, halafu akafuta fimbo.

"Hii ni bunda," alisema, yaani punda, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili mgeni mmoja wa kutoka bara aliyekuwapo naye afaidike. "Angalia. Shingo hakuna, miguu hakuna, tumbo tu."

Wanaume saba wakakubali kwamba tumbo tu.

Kisha akaipapasa ile ya fedha, mkono mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta uvimbe kwenye goti. "Subhanallah. Hii miguu! Hii inatembea mbaka Wajir haijaomba maji. Abdikafi, mama yake ni nani?"

"Kitanda, adeer," alisema Abdikafi, akimwita ami kwa Kisomali, na hakuna aliyecheka, maana Warfa alikuwa akifikiri.

Idman alisimama mlangoni, Hodo kiunoni. Alijua si desturi kuingilia, lakini darasa lilikuwa lake.

"Adeer Warfa, samahani. Kikaango changu chembamba cha mkate wa anjera kilipinda mwezi wa kwanza, kikapasuka wa pili. Kile kinene alichoniachia mama hakijapinda hata siku moja. Moto ni moto. Hii nyembamba itaubeba, na ile tabo juu yake?"

Abdikafi alitazama viatu vyake, kama mtu anayejua jibu na pia anajua ni kazi ya nani inayouzwa.

"Binti yangu," alisema Warfa kwa huruma kubwa, "sisi tunafunga injini. Hatupiki anjera."

Wanaume saba walicheka hadi mmoja akakohoa. Abdilatif naye alicheka, kidogo, akimwangalia mkewe kwa jicho la kuomba radhi mapema. Warfa na Abdikafi wakaingiza mikono chini ya shali, wakaminyana vidole, kila kidole kikiwa hesabu, wakakunja nyuso, wakatoa mikono. Biashara ilikwisha. Bei waliijua wao wawili na shali.

"Na huyu punda?" Idman aliuliza.

"Mpe mke wako achezee," Warfa alimwambia Abdilatif.

Idman aliibeba mpaka jikoni. Jiko lake lilikuwa na mafiga mawili mazima na la tatu lililovunjika. Akalitupa lile bovu, akaweka punda mahali pake. Ilikaa sawasawa, kama imezaliwa hapo. Siku tisa alipika juu yake asubuhi na jioni. Chai ilifurika juu yake ikiwa ya moto, maji baridi yakamwagika, Hodo akaipiga kwa mwiko. Kila usiku alipofagia majivu aliipitisha kidole. Hakuna hata ufa mmoja.

Ile ya fedha ilifungwa siku ya saba. Siku ya nane pikapu iliruka kweli. Abdilatif alifika alasiri akipiga honi, na Idman akakaa darasani jioni nzima, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Siku ya tisa saa kumi na moja ilipita. Magharibi ikaadhiniwa. Kisha watoto wakaanza kupiga kelele barabarani, akatoka.

Pikapu ilikuwa inakuja, imezimika, inavutwa na punda wawili wa mikokoteni ya maji. Abdilatif alishika usukani akitazama mbele kama mkuu wa wilaya. Nyuma, maziwa yalikuwa yamechacha mitungini, na akina mama wenye maziwa walikuwa wakimweleza dereva, kwa zamu, asili ya ukoo wake.

Boneti ikafunguliwa. Mguu wa pili ulikuwa umekatika kwenye kiungio, wa tatu umepasuka, na tabo inaning'inia kama jino la mtoto. Mzee Warfa aliitwa. Akainama, akatazama, akasimama.

"Amevunjika mguu," alisema.

"Na ngamia akivunjika mguu, adeer?" aliuliza Idman.

Warfa aliifuta fimbo yake. Wanaume saba hawakuonekana.

Abdilatif alimfuata jikoni. Alisimama akilitazama figa la tatu, ambalo sufuria ya wali ilikuwa imekaa juu yake inatokota.

"Mama Hodo. Lile figa lako."

"Nina kazi nalo."

"Kesho alfajiri wale mama watapakia kwenye gari la Keinan, na wakishapakia kwa Keinan basi. Abdikafi anasema bolti zinalingana. Anasema alijua tangu mwanzo."

"Angesema tangu mwanzo." Idman aliifuta mikono, akavuta upande wa shali yake na kuinyoosha. "Lete mkono."

"Mke hafanyi biashara chini ya shali na mume wake."

"Basi nenda kwa Warfa."

Akaleta mkono. Chini ya shali Idman akakamata vidole vyake vyote vitano, akaviminya.

"Tano nini?"

"Jioni. Kwa juma. Wewe umshike Hodo, na nikirudi awe amelala au ameoga, chagua."

Abdilatif akaminya vitatu. Idman akaminya tena vitano, akavishikilia. Nje, punda mmoja alilia. Abdilatif akafumba macho kama mtu anayetiwa sindano, akaitikia kwa kichwa.

Idman akaipua wali, akamwaga maji juu ya kile chuma. Kikafuka mvuke, kikatulia.

"Kikipoa, beba," alisema.

Mwezi huo mzee Warfa aliwaambia watu wa sokoni kwamba ile fupi aliiona mapema kuwa ina kifua. Idman hakuwepo kumjibu. Saa kumi na moja ilikuwa imepita, na yeye alikuwa dawati la pili kutoka mbele. Dirishani, Abdilatif, bega limelowa mkojo, alikuwa akijaribu kumtoa Hodo chaki mdomoni.