Nusu Alama ya Bi Mtambo

Bi Mtambo hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukikaa miaka ishirini na sita na kompyuta moja, watu watakubatiza wapendavyo. Kompyuta yenyewe ilikuwa makabati manane yaliyopangwa mstari, yakinguruma kutwa katika chumba cha chini cha chuo kikuu. Chumba hakikuwa na dirisha, na viyoyozi vilipuliza baridi kiasi kwamba hata siku za jua la utosi yeye alivaa sweta.

Sasa chuo kilikuwa kinahama. Kila kitivo kilipewa kompyuta zake ndogo zilizounganishwa kwa nyaya, kila mtu ajipikie jikoni kwake, kama alivyosema Mkurugenzi wa Kompyuta mkutanoni na watu wakampigia makofi. Maktaba ikahama, usajili ukahama, ikabaki Ofisi ya Mitihani. Mkurugenzi akaweka sharti: matokeo ya mtambo na ya kompyuta mpya yalingane mara tatu mfululizo, ndipo mtambo uzimwe. Kabla ya hapo mwendeshaji wake haendi popote, si likizo, si kustaafu.

Na Bi Mtambo alikuwa na pa kwenda. Binti yake wa pekee, mwalimu katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, katika wiki ya matokeo. Mama mtu yuko huku chini anachapisha majedwali, binti anazika bila mama.

"Usiniahidi kama huji," binti alimwambia kwenye simu.

"Nakuja, mwanangu. Huu mtambo unazimwa."

Basi majaribio yakaanza. Mara ya kwanza matokeo ya wanafunzi thelathini na mmoja hayakulingana. Mara ya pili, walewale thelathini na mmoja. Mtengeneza programu, bwana wa makamo waliyemwita Tai kwa kuwa hakuonekana bila tai shingoni, alishuka na karatasi zake akikuna kichwa.

"Dada yangu, programu ya zamani nimeinakili mstari kwa mstari, sikuacha hata nukta. Kwangu hawa wana thelathini na tisa, wamefeli. Kwako wana arobaini, wamefaulu. Hiyo moja inatoka wapi?"

"Kagua tena," Bi Mtambo alijibu, macho yake hayakuinuka.

Jamani, hiyo moja aliijua inakotoka! Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka wake wa tatu kazini aligundua kuwa programu ya matokeo ilikata nusu alama, wakati kanuni za chuo zilisema ipandishwe. Mwenye thelathini na tisa na nusu alistahili arobaini, mtambo ukamfelisha. Alimwandikia mkuu wake wa wakati ule barua mbili, akajibiwa kuwa programu imepitishwa na Baraza la Chuo, aache ujuaji. Hakubishana. Aliandika kijiprogramu cha mistari kumi na moja, akakihifadhi kwenye kanda, na kila msimu wa matokeo alikipitisha kimyakimya kabla ya kuchapisha. Hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Maskini Tai alikuwa amenakili kosa kwa uaminifu, dawa yake asiione.

Jaribio la tatu, Bi Mtambo aliiacha kanda kwenye droo. Matokeo yakalingana yote. Tai alilegeza tai yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Bado mara mbili tu, dada. Anza kufunga mizigo."

Alipoondoka, Bi Mtambo aliisoma orodha. Thelathini na mmoja, wote chini ya mstari wa kufaulu. Mmoja alikuwa anarudia mtihani kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo chuo humfukuza. Na kanda ikibaki kwenye droo, mwakani watafeli wengine, na mwaka unaofuata wengine. Aendelee kuipitisha kimyakimya, mtambo hauzimwi. Aifiche kanda, watoto wa watu wanaangamia ili yeye apande basi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta.

Asubuhi alikwenda kwa Mkurugenzi akamwaga yote.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mama, umebadili matokeo miaka ishirini na mitatu bila idhini?"

"Nimeyanyoosha. Someni kanuni zenu. Wekeni mistari yangu kwenye kompyuta mpya, mambo yaishe."

"Kuiweka lazima Baraza lipitishe. Baraza litauliza imetoka wapi. Likijua, kila cheti cha chuo hiki kitatiliwa shaka." Alishika kichwa. "Mitihani haihami. Mtambo unabaki, na hii habari isimfikie mtu mwingine, hata Tai."

"Na mimi?"

"Nani mwingine anaijua hiyo kanda?"

"Nikijiondokea?"

"Mlango huo hapo, sikufungi kamba," Mkurugenzi alisema taratibu. "Ila matokeo yanatoka wiki ijayo. Usipokuwepo, watoto wako hao wanafeli."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na chake alikuwa amekichimba kwa mikono miwili, akiona raha. Alimchukia Mkurugenzi, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kuwa mtu huyo alikuwa amesema kweli.

Wiki ya matokeo, simu ya ukutani ililia. Alikuwa ameshaiweka kanda, imeanza kuzunguka.

"Mama." Binti alikuwa anahema. "Uchungu umeanza. Wananipeleka hospitali. Nasikia mngurumo, uko kwenye basi?"

Bi Mtambo aliegemea kabati la kwanza. Alitamani kusema ndiyo. Lakini uongo huo ungeishia mlangoni mwa wodi, binti akimtafuta mama yake kila mlango unapofunguliwa.

"Ni mtambo, mwanangu."

Binti alipumua, akapumua tena.

"Haya, Mama. Maliza kazi yako," akasema, na simu ikakatika.

Printa ilianza kugonga. Karatasi zikatoka moja baada ya nyingine, na Bi Mtambo akazikagua kwa kidole, kama kawaida yake: arobaini, arobaini, arobaini, mpaka wa thelathini na mmoja.