Jiwe Lililolowekwa Sufuriani

Kwenye pwani ya Oregon, Marekani, majira ya baridi ndiyo mavuno ya waokota mawe. Dhoruba hukomba mchanga, kokoto zikabaki wazi, na watu wazima wenye akili zao timamu huacha vitanda vyenye joto wakaenda kuinama mvuani. Kati ya watu hao hakuna aliyemfikia Arvid Lindqvist. Alitembea akilielekea jua ili akiki, vito vinavyopitisha mwanga, ziwake mbele yake, kopo la kahawa mkononi, na kila jiwe lililomtia shaka alililamba.

Kulamba ni kawaida yao wote, maana jiwe kavu halionyeshi rangi yake. Ila Arvid alilamba akakupa habari kamili: hili yaspi, hili mfupa wa nyangumi kwa kuwa ulimi unanata, na hili ni "liachehapohapo," jina walilolipa kila jiwe lisilo na maana. Noreen, mkewe, alikuwa amemsikia akisema hayo tangu ujana wao, na bado alisimama kumsikiliza.

Kitu kimoja tu kilimkwepa mzee huyu maisha yake yote: mti uliogeuka jiwe, wenye matundu. Yaani gogo lililotobolewa na wadudu wa baharini zama za kale, kisha likawa jiwe, na kila tundu likajaa akiki. Wenzake walishapata mawe ya namna hiyo. Hata Wendell, mwenyekiti wa chama chao cha waokota mawe, alilipata la kwake akiwa anamtafuta mbwa. Arvid alimpongeza, akarudi nyumbani akakisukuma kando chakula cha usiku.

Sasa macho nayo yalikuwa yakimwacha. Alichokitazama moja kwa moja kilifutika, kikabaki cha pembeni tu.

"Msimu huu ndio wa mwisho," alimwambia mkewe. "Nisipolipata, kopo nalitundika. Nitakaa zangu dirishani."

Noreen alijua dirisha lile litamfanya nini. Baba yake mwenyewe alikaa dirishani, na alizimika palepale, taratibu, huku kila mtu akisema anapumzika. Hakuwa tayari kuliona tena hilo.

Basi akaendesha gari hadi mji wa bara, kwenye duka la mawe, akanunua kipande cha mti-jiwe chenye matundu. Alijua ulimi wa mumewe, kwa hiyo akakiloweka kwenye sufuria ya maji yenye chumvi usiku kucha. Akajiona mjanja kweli.

Asubuhi, maji yalipokupwa, alitangulia na kukidondosha kwenye kokoto. Arvid akakiruka. Noreen akazunguka, akakisukuma kwa buti. Arvid akakipita tena, akisifia mawingu.

"We mzee, huo mguu wako umekanyaga nini?" alifoka mwishowe.

Arvid akainama, akaokota. Akalamba. Akapapasa kingo za lile jiwe kwa kidole. Kisha akalitia mfukoni, si kwenye kopo.

"Ni lenyewe?" Noreen aliuliza.

"Tutaona Jumamosi mezani."

Hapo ndipo Noreen alipoikumbuka meza ya chama. Kila Jumamosi chama kilikutana ukumbini, na kila aliyeokota kitu alikiweka mezani, akasema mwenyewe ni nini na kimetoka wapi, kisha wenzake wakampinga wapendavyo. Kwenye meza ile Arvid hakuwahi kukosea. Na sasa yeye, Noreen, alikuwa amemtia mkononi jiwe la kumwaibisha, mtu asiyeona vizuri. Jumamosi ilipofika, supu ya chaza aliiacha ikapoa bakulini.

Arvid aliliweka jiwe chini ya taa. Wendell akasogeza lenzi yake, akatazama, akanyanyua uso. Akamtazama Noreen. Jiwe lilikuwa jekundu kupita kiasi na kingo zake zilikata kama kigae. Pwani yao haikuwahi kutoa kitu cha namna hiyo.

"Arvid, rafiki yangu," Wendell alianza kwa upole ambao haukuwa wake. "Labda tuanze na lingine…"

"Kaa chini, Wendell. Zamu yangu." Arvid aliweka kiganja juu ya jiwe. "Huu ni mti, kweli. Lakini wa jangwani. Bahari haijawahi kuugusa, ndiyo maana haukusuguliwa. Matundu haya ni ya mdudu wa nchi kavu. Na chumvi yake," akalamba tena, pole pole, "ni ya mezani. Ya bahari ina uchungu kidogo kwa nyuma. Umefika ufukweni kwetu kwenye koti la mke wangu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Noreen akafunika uso kwa mikono miwili. Aibu ilimchoma, lakini chini ya aibu kulikuwa na fahari iliyotaka kumtoa machozi. Mtu huyu haoni uso wake kwenye kioo, na ameijua sufuria ya mkewe!

"Ulijua tangu kule?" alimuuliza.

"Tangu ulipoanza kulipiga teke."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka watu waone mtu ninayeishi naye." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkewe, akaushika mbele ya wote. "Nilisema kopo natundika. Lakini mwanamke anayenipikia jiwe kwa chumvi, nitamwachaje aende ufukweni peke yake? Na isitoshe, jamani, mti wangu bado sijaupata."

"Hutaupata," alisema Wendell. "Huoni."

"Huyu anaona. Hajui kitu, lakini anaona." Akamgeukia mkewe. "Maji yanakupwa saa ngapi kesho?"

"Saa moja asubuhi," Noreen alijibu, akijifuta pua.

"Basi utaokota wewe, nitalamba mimi. Na ile sufuria uiache nyumbani."